Alilia mbele yangu, nikamwona mdogo

Shikamoo Mjomba,

Safu yako naisoma siku nyingi, na siku zote nilijiambia mimi sina la kuandika. Sasa ninalo.

Nina miaka 36, naishi Tabata, Dar es Salaam. Ndoa yangu ina mwaka wa kumi na mbili huu, tuna watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la masafa, Dar hadi Tunduma, safari nyingine anavuka mpaka kwenda Zambia. Mwaka jana tajiri wake aliuza magari. Tangu hapo anaokoteza deiwaka kwenye daladala za watu, leo yupo barabarani, kesho na keshokutwa yupo nyumbani. Mimi nakaanga chapati na maandazi, nauza hapo nje asubuhi. Naamka saa kumi alfajiri.

Mjomba, mimi ndiye niliyekuwa nikimbembeleza huyu mwanaume anifungulie moyo. Alikuwa mtu wa "niko poa". Unaumwa? Niko poa. Tajiri kakulipa? Niko poa. Nikawa namuuliza, hivi mimi ni mkeo au mpangaji mwenzio?

Mwezi wa pili, usiku, mama mwenye nyumba ndio kwanza ametoka kutukumbusha kodi ya miezi sita. Watoto wamelala. Nikamuuliza tunafanyaje. Akakaa kimya, halafu akaanza kulia. Wala si machozi mawili matatu ya kufuta kwa kiganja. Alilia mabega yanatikisika, makamasi yanamtoka, anasema, "Nimeshindwa, mama watoto. Nimeshindwa, sijui nianzie wapi."

Nitasema ukweli kwa kuwa hunijui. Huruma haikuja. Nilisikia baridi tumboni, kisha nikasikia kinyaa. Nikamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanaume, watoto watasikia." Akanyamaza palepale. Akaenda kunawa uso, akalala.

Tangu siku ile namwona mdogo. Akisema jambo natafuta kasoro. Akinigusa najikunja. Sipendi kuwa hivi, lakini ndivyo nilivyo.

Kinachonishangaza ni kwamba kuna tamthilia ya Kituruki tunaiangalia hapa nyumbani, ile ya kuwekewa sauti za Kiswahili. Mhusika mkuu ni mwanaume kwelikweli, ana upanga, ana watu chini yake, na analia karibu kila wiki. Anamlilia mama yake, anamlilia rafiki yake aliyeuawa, analia kichwa kimelala mapajani mwa mkewe. Na mimi kwenye kochi nalia naye, nasema laiti ningepata mwanaume mwenye moyo laini namna ile. Nimempata, nikamwambia ajikaze.

Nilimhadithia dada yangu, akacheka kidogo, akasema wanaume wa siku hizi ndivyo walivyo, nivumilie. Shemeji naye, siku ya Idi Pili tulipokusanyika kwao, alimtania mume wangu, akampa leso mbele ya watu akamwambia aiweke mfukoni itamfaa. Tukacheka wote, na yeye akacheka. Basi.

Sasa amerudi kwenye "niko poa" yake, tena imekuwa ngumu kuliko ya mwanzo. Anaingia saa nne, saa tano usiku, anasema alikuwa kijiweni. Wiki iliyopita mwanetu wa kiume, ana miaka minane, alianguka na baiskeli akaja analia. Baba yake akamwambia, "Nyamaza. Ukilia, mama yako atakuona si kitu." Maneno alimwambia mtoto, macho alikuwa amenikazia mimi.

Nataka kujua mambo mawili. Mimi nina roho mbaya? Na nifanyeje nimheshimu tena kama zamani?

Mpenda Tamthilia, Tabata

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Machozi umeyaandikia barua nzima, dada yako umempa mistari michache, ukaifunga na neno "basi". Mimi nitaanzia kwenye hiyo mistari. Naona hapo ndipo palipoharibika. Usiku ule wa kodi ulikuwa bado unatengenezeka.

Mume kulia, mke akamwambia jikaze: hilo hutokea, linauma, na baada ya siku chache wenye ndoa hulirekebisha, wengine hata bila kulitaja. Lakini mtu amekaa kwenye pilau la watu, watoto wake wanamwona, mwanyumba wake anamnyooshea leso, na papo hapo anatambua kwamba alichokisema usiku chumbani kwake kimetoka, kimefika kwa dada mtu, kimelala kwa mume wa dada mtu, na sasa kimegeuzwa kichekesho cha sikukuu. Unasema na yeye alicheka. Ulitaka afanye nini?

Nimefundisha fasihi maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo utanivumilia nikikuletea Fumo Liyongo. Huenda ulimsoma shuleni, huenda ulimsikia tu: yule shujaa wa Pate, pande la mtu, mshale haumdhuru wala mkuki. Katika utenzi wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, alioutunga mwaka 1913, wengi tunakumbuka mwisho. Sultani anamrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe. Mtoto anamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba, pamoja na kushuku kwamba kuna mtu amemtuma, anamwambia: msumari wa shaba, kitovuni. Mtoto anaipeleka habari, anarudi na msumari, anamvizia baba yake amelala. Wavulana darasani walikuwa wakifika hapo wananiambia, umeona mwalimu, mwanaume ukitaja panapokuuma umekwisha.

Utenzi huo una sehemu nyingine kabla ya hapo, na wavulana hawakuwa wakiitaja mpaka niwaulize. Liyongo yupo kifungoni, ana minyororo, kifo chake kimeshaamuliwa. Pande lile la mtu halivunji mlango. Linaomba msaada kwa mama. Kuna kijakazi, Saada, anayemletea chakula, na kila akileta kizuri walinzi wanakila wao. Liyongo anampa ujumbe kwa wimbo: mwambie mama apike mkate wa wishwa, katikati aweke tupa, ile ya kukatia chuma. Mkate wa pumba walinzi wanaudharau, wanamwachia. Ngoma ya gungu inapigwa, sauti inafunika kila kitu, na yeye anakata minyororo.

Kwa hiyo mtu yuleyule alisema hitaji lake mara mbili. Saada na mama walilishika, akatoka gerezani. Mtoto alilipeleka kwa Sultani, akazikwa. Ukiusoma hivyo, utenzi haumkatazi mwanaume kufungua moyo. Unamuuliza amemfungulia nani.

Mumeo alikuchagua wewe uwe Saada. Hukumuuza, hilo nalijua, hakuna aliyekuahidi kitu. Ulikuwa umechanganyikiwa ukamkimbilia dada yako, na dada yako akalala nalo kwa mumewe kama wanandoa wengi wanavyofanya. Ila kwa huyu aliyepewa leso, safari hiyo yote ya maneno haonekani nani alikuwa na nia gani. Anachoona ni kwamba kilitoka kwako. Makungwi huwafundisha mabinti kwamba ya ndani yabaki ndani, na kila binti anadhani anaambiwa habari za kitandani tu. Kilio cha mumeo kilikuwa cha ndani kuliko hayo.

Nimemaliza la dada. Sasa maswali yako.

Roho mbaya huna. Ulishikwa na hofu, na hofu ya usiku hupenda kuja na sura ya dharau, maana dharau haimwaibishi mwenyewe. Hebu mtazame vizuri huyo bwana wa Kituruki. Akilia, wewe unapoteza nini? Kodi yake huilipi. Umemfahamu kwa vipindi chungu nzima kabla hajadondosha chozi la kwanza, umemwona akipigana, umemwona akikataa kumsaliti rafiki, umekaa naye chumbani saa ambazo hata mkewe hakuwepo. Mtunzi amekuandaa hatua kwa hatua, na muziki ameuweka. Akishalia unajua atanyanyuka, kwa kuwa wiki ijayo kuna kipindi na jina lake ndilo linaloendesha tamthilia. Chozi lake halikutishi kwa sababu mwisho wake umeshalipiwa.

La mumeo lilikuja bila muziki, bila kipindi cha wiki ijayo, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: hela haipo, na mtu tuliyemtegemea aitafute hajui itoke wapi. Ulichosikia wewe ni paa linang'oka juu ya watoto wako. Hiyo ndiyo baridi ya tumboni. Kinyaa kikafuata, kwa sababu kumdharau mtu kunachosha kidogo kuliko kuogopa pamoja naye.

Na tusijidanganye kwamba jamii yetu imewakataza wanaume kulia. Imewachagulia sababu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina aliandika shairi la kumlilia, na shairi hilo vizazi na vizazi vya wanafunzi vimelisoma darasani; sijapata kusikia mtu akimwita mwanaume suruali. Washa redio uwasikilize vijana wa Bongo Fleva, ni kuachwa na kugaragara mwanzo mwisho, na kina dada mnaimba nao. Nenda Uwanja wa Mkapa siku Simba na Yanga zinacheza, utaona baba mzima na kipara chake anafuta macho kwa jezi. Msikitini mtu akilia kwenye dua tunasema ana imani, kanisani akilia kwenye maombi tunasema ameguswa. Kufiwa ruksa, kuachwa ruksa, mpira ruksa, Mungu ruksa. Mwanaume akilia kwa sababu mfuko umekauka, hapo ndipo tunamwambia ajikaze.

Hata sheria imekaa hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mke kwa malazi, mavazi na chakula, kwa kadiri ya uwezo na hali yake. Mke naye anapewa wajibu wa kumtunza mume, ikiwa anao uwezo, pale mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au kuumia, kwa mwili au kwa akili. Tajiri kuuza malori haimo. Kwa hiyo mumeo hana hata jina la kuupa msiba wake. Hakuumia, hakuugua, hakufiwa. Amebaki na lile alilokwambia: nimeshindwa. Na miezi yote hii nyumba yenu imekula wapi? Kwenye chapati zako, kwa sehemu kubwa. Mnaishi kinyume cha kanuni mliyofungishwa nayo ndoa, mnaishi na mambo yanakwenda, na hakuna kati yenu aliyewahi kulitamka mezani. Wewe unaogopa ukilitamka atavunjika. Yeye anaogopa ukilitamka itakuwa kweli.

Kuna jambo jingine nimeliona, na wewe hukuliuliza. Katika barua yote, mahali pekee unapolia wewe ni kwenye kochi, tamthilia ikiendelea. Unaamka saa kumi, unakanda unga, unauza, unasuluhisha ya ada, unamsikiliza mama mwenye nyumba, na majirani bila shaka wanakusifia kwamba wewe mwanamke chuma. Mwanamke tunamtaka alie kwa sauti msibani, hata asipolia maneno yanatoka, ila nyumbani kwake, siku ya kawaida, saa sita mchana, anatakiwa awe mkavu. Ukapata saa moja usiku ambayo kulia hakuhitaji maelezo. Sidhani kama ni Mturuki uliyekuwa ukimlilia. Na mumeo alipoanza kulia, nadhani ndani yako kuna mtu aliyeshtuka akauliza, na huyu naye akianguka, mimi nitapumzikia wapi? Swali hilo ni la haki kabisa. Ulilijibu vibaya, lakini lilikuwa la haki.

Nisije nikaeleweka vibaya na wasomaji wengine: si kila chozi la mwanaume ni la kupokelewa kwa mikono miwili. Wapo wanaolia kila baada ya kupiga, wanapiga magoti, wananunua kanga, na mwezi unaofuata ngumi ziko palepale. Kilio cha namna hiyo ni kamba ya kumfungia mke asiondoke. Cha mumeo hakikudai chochote. Hakukutaka umsamehe wala unyamaze. Alikwambia hajui aanzie wapi, na ukiliangalia vizuri, lile ni swali la kazi.

Sasa cha kufanya.

Anza kwa dada yako, kabla ya mumeo. Nenda wewe mwenyewe, usimpigie simu, mwambie kwamba lile uliloongea naye halikuwa lako kulisema, na halitakiwi kusikika tena, si kwake, si kwa mumewe. Usimwambie aje kuomba radhi. Akija, mumeo atatambua kwamba limejadiliwa tena kikao cha pili, na aibu itapanuka.

Kisha mumeo. Hapa tafadhali nisikilize vizuri, kwa sababu najua utakachotaka kufanya: kumkalisha chini usiku, kumtazama machoni, kumwambia "tuongee". Usifanye hivyo. Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi aliomtungia binti yake karibu na mwaka 1858, anamwambia amtunze mume kama mtoto ambaye hajajua kusema. Kina dada wa leo wanaukasirikia ubeti ule, na wana sababu, mzigo wote umetupwa kwa mwanamke. Mimi huona humo pia ujuzi wa mtu mzima aliyewafahamu wanaume aliokuwa akiishi nao: hakupoteza muda kuwadai maneno, alimfundisha binti ampepee mumewe akiwa amelala. Mwanaume aliyefunguka akachekwa hatafunguka kwa kuulizwa. Mtafutie kazi ya mikono mnayoifanya wawili, mkibeba unga kutoka dukani, mkirekebisha jiko, mkitembea kwenda kituoni, ambapo macho yanatazama mbele. Umwambie kwa maneno machache: "Ile siku ya kodi ulinieleza jambo, nikalipokea vibaya, halafu nikalipeleka kwa dada. Leso ile ilitoka kwangu. Halitatokea tena." Ukimaliza, nyamaza, endelea na unga wako. Atasema "yameisha", au atasema "niko poa", au hatasema kitu. Pokea lolote. Na usilie wakati unasema. Ukilia, yeye ndiye atakayekuwa na kazi ya kukubembeleza, na kilio chake kitakuwa kimepotea mara ya pili.

Usimwambie kwamba unamwona mdogo. Najua kuna washauri wanaosema wanandoa waambizane kila kitu. Mimi simo kundi hilo. Hisia hiyo ni yako, ishughulikie wewe, na nusu yake itaondoka hesabu zikikaa sawa.

Ndiyo, hesabu. Kama nilivyosema, hofu yako ni ya hela, na mapenzi hayalipi kodi. Chukueni daftari. Andikeni chapati zinaingiza kiasi gani kwa wiki baada ya kutoa unga, mafuta na mkaa, deiwaka inaleta kiasi gani ikipatikana, kodi ya miezi sita ni kiasi gani, na kama mama mwenye nyumba anaweza kupokea ya miezi mitatu mitatu. Kama upo kwenye kikoba, uliza mkopo wa dharura una masharti gani. Muulize mumeo kuhusu leseni yake: dereva aliyezoea barabara ya Tunduma ana daraja la leseni na ana watu anaowafahamu kwenye kampuni nyingine za malori, na wanaume wakishaona aibu huacha kupiga simu hizo. Mwulize kama mtu anayetaka ujuzi wake. Wewe barabara ile huijui, yeye anaijua. Mumeo akiona daftari lina mistari ya wote wawili, lile neno la kushindwa litapungua uzito bila mtu kulijadili. Kuhusu heshima unayoitafuta, simwoni mtu anayerudisha heshima kwa kujilazimisha usiku kitandani. Watu huiona imerudi siku wanapofanya kazi moja na kumtazama mwenzao anavyoiweza.

Mtoto. Huyu ananitia wasiwasi kuliko ninyi wawili. Katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili tunaisoma kama Shujaa Okonkwo, Okonkwo anamkata panga Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita baba, kwa kuogopa asionekane dhaifu. Mzee wa kijiji alikuwa amekwisha kumwonya asiutie mkono wake. Baadaye anakaa siku mbili bila kula, anakunywa tembo kutwa. Huzuni anayo, ila amejinyima mlango wa kuitolea. Aliyekuwa akiyaona yote hayo ni Nwoye, mwanawe wa kumzaa. Hakusema lolote, moyo wake ukahama kimyakimya, na wamisionari walipofika akawafuata. Okonkwo alidhani anamfundisha mtoto uanaume.

Mumeo hajafika huko, hata karibu. Alitupa neno la uchungu na lengo lilikuwa wewe. Lakini mtoto wa miaka minane haelewi kwamba mshale ulikuwa unampita. Yeye amebaki na habari kwamba mama humdharau mwanaume anayelia. Kwa hiyo akianguka tena, na ataanguka, maana baiskeli ni baiskeli, muoshe goti, mwache alie mpaka amalize mwenyewe, usimharakishe, na lifanye hilo baba yake akiwepo. Usimgeukie baba kuangalia kama ameona. Na binti yako naye asiwe ndiye anayeitwa kila mara kumnyamazisha kaka yake. Mnaanza hivyo, baadaye mnakuwa na mwanamke chuma mwingine.

Kuhusu hizo saa nne na saa tano za kijiweni: mpaka sasa naona ni mtu anayekwepa sebule. Ila angalia haya. Kama hali chakula, kama usingizi umemtoka au analala mchana kutwa, kama ameacha kuoga, ameanza kugawa vitu vyake, au anasema watoto wangekuwa na nafuu bila yeye, acha mipango yote niliyokuandikia. Hiyo huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa wa hospitali. Ninyi wa Tabata Amana iko karibu, na Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Nenda naye, usimtume peke yake. Ikibidi mwambie unamwomba akusindikize wewe, maana na wewe unastahili mtu wa kukusikiliza asiye dada yako.

Na shemeji. Mtakutana tena, kwenye arobaini, kwenye harusi, kwenye Idi nyingine. Watu wa aina yake wakipata utani mmoja wanautumia mpaka uchakae. Siku atakaporudia ule wa leso, usimwangalie mumeo kuona atajibu nini. Mjibu wewe, kwa sauti ya kawaida, wote wakisikia: "Shemeji, lile lilikuwa letu, na mimi ndiye niliyekosea kulitoa. Tuachie." Halafu mpakulie mumeo pilau.

Mjomba